Mlango Niliomfungia Mama

Nilikuwa kwenye arobaini, mwanangu wa kwanza ana siku kumi na mbili, mafua yalipoingia mji wetu wa Amu. Sasa tunayaita mafua. Wakati ule, vita vikubwa vya kwanza vikielekea kwisha, tulisema homa tu, na ilikuwa ikitoa majeneza mawili mtaa mmoja kabla ya adhuhuri.

Wanawake wetu humzuru mzazi na humzuru mgonjwa, na asiyekwenda huwekewa fundo. Basi walikuwa wakitoka kwa wagonjwa wanakuja moja kwa moja kwangu, wananishika mikono, wanampakata mtoto. Jirani aliyempakata Ijumaa, Jumatatu tulisikia kilio kwake. Nikamwambia mdogo wangu wa kike, aliyekuja kunihudumia, atie komeo. Mume wangu alikuwa Mombasa, hakuna wa kunipinga. Watu walinisema mpaka nikachoka kusikia. Nilitaka jambo moja tu, mtoto wangu abaki hai.

Siku ya tano tangu komeo litiwe, mama akafika kutoka Siyu, kwa miguu na kwa mtumbwi, akaketi dakani, nje ya mlango.

"Nifungulie mwango, mwanangu. Mimi nimeuguwa, nimepowa. Nimekuya kuwaangaliya."

"Rudi, mama. Umetoka kwenye homa, utatuletea."

Nilidhani aliyeugua huibeba homa daima, kama nguo iliyoingia moshi. Alikaa pale mpaka alasiri, akaacha kikapu cha mikate ya mofa, akaondoka. Mdogo wangu alilia. Mimi nilijiona nina akili.

Kumbe homa ilikuwa ndani tayari. Kesho yake ikaniangusha. Wiki nzima mdogo wangu aliniinua kichwa ninywe uji, akanifuta makohozi, akaniletea mtoto anyonye, amemfunika uso kwa ncha ya leso. Alikuwa na miaka kumi na minane, hajawahi kulala kwa ugonjwa. Niliponyanyuka mimi, akalala yeye, na midomo yake ikageuka rangi ya zambarau.

Miaka mingi baadaye daktari mmoja aliniambia kwamba mafua yale yaliwaua sana vijana wenye nguvu, na kwamba aliyekwisha kuugua akapona, ilikuwa shida yamshike tena upesi. Katika watu wote wa kuniuguza, mama ndiye aliyefaa. Daktari alinieleza kwa upole, kama anipaye zawadi. Nilimchukia siku nzima.

Majuto ni mjukuu, husema watu. Wangu nimemlea hadi ameota mvi. Mwanangu ni mzima, ana watoto wake, na kila akija kunishika mkono nafurahi, kisha nachoka.

Mama aliporudi nilimfungulia, siku ya nne tangu mdogo wangu alale, roho imekwisha kumtoka. Alipita asinilaumu kwa neno, akavua buibui, akauliza maji ya kumuoshea yako wapi.