Pindo la Mama

Harufu ya pasi ya mkaa juu ya kitenge kipya ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu pale Elerai. Mama alikuwa fundi cherehani, na mwaka huo, nikiwa na miaka tisa, alipewa kazi ya kushona sare ya kwaya ya akina mama ya usharika wetu: kitenge cha zambarau chenye maua ya njano, kila mwanakwaya kaleta cha kwake. Nami nilikuwa na ugonjwa wa midoli. Niliijaza sufi, nikaishonea macho ya uzi mweusi, na vitambaa vile vilivyodondoka chini ya cherehani vilinitoa udenda. Mama hakuniruhusu kugusa hata kimoja. Watu wetu wana ulimi mrefu juu ya mafundi. Gauni likibana kidogo tu, fundi kala kitambaa. Kwa hiyo mama alikusanya vipande vya kila mteja, akavifunga fundo, akavitia ndani ya gauni la mwenyewe. Nililia siku nzima. Jioni alichukua gauni lake yeye, maana naye aliimba sauti ya pili, akakata shubiri nzima kwenye pindo, pande zote, akanitupia mapajani. "Haya, nyamaza. Hiki ni changu."

Nilishona midoli saba, kwaya kamili, midomo wazi kwa uzi mwekundu. Mmoja nilimpa mdomo mkubwa kuliko wenzake, na sikuwa nimekosea. Siku ya sikukuu ya mavuno, baada ya ibada, kazi za mikono ziliwekwa mezani chini ya turubai, kando ya mikungu ya ndizi na majogoo waliosubiri mnada. Niliipanga midoli yangu mstari mmoja, nikasimama nyuma yake kama mwalimu wa kwaya. Ndipo akaja Mama Eliya, mwenyekiti wa kwaya. Akashika kigauni cha mdoli mmoja kwa vidole viwili, akageuka ili wote wasikie.

"Si niliwaambia? Vitambaa vyetu hivi hapa. Fundi katula! Toeni hii midoli mezani."

Kama neno lile lingebaki limesimama, hakuna ambaye angemletea mama kitambaa tena, na kosa lingekuwa la midoli yangu. Wengine walianza kunyoosha mikono kuiondoa. Niliikumbatia yote saba, nikawaambia haitoki. Sijui nilitoa wapi ujasiri, hasira, nadhani. Mama akaja bila haraka, akiwa ndani ya sare yake.

"Mama Eliya, simama hapa tulingane."

Wakasimama bega kwa bega. Gauni la Mama Eliya liligusa viatu. La mama liliishia katikati ya muundi. Wiki nzima walikuwa wamemcheka kwamba fundi kashindwa kujipima mwenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama.

"Vipande vyenu niliwafungia fundo ndani ya magauni yenu. Nendeni nyumbani mkafungue mafundo. Vya mwanangu vimetoka hapa," akasema, akigusa pindo. "Upendo, panga midoli yako."

Hakuna aliyeomba radhi, na sijasahau. Mama Eliya alimwinua yule wa mdomo mkubwa. "Na huyu ndiye nani?"

"Shikamoo mama. Ni wewe. Unaimba." Watu wakacheka hadi majogoo wakawika.

Sasa mimi ndiye fundi, na midoli yangu huonyeshwa kwenye kumbi za mjini. Msimu huu mwenye ukumbi mmoja aliniambia niache hawa wanakwaya na wauza ndizi, nishone wa shuka nyekundu na shanga, ndio wanaopendwa na watalii. Nilimjibu kwamba wa shuka atashonwa na mama aliyemlea, mimi nashona ninaowajua. Akataka niiondoe midoli yangu mezani. Siku hizi hawasemi umeiba, wanasema haina soko, lakini mkono unaonyooshwa kuondoa midoli ni ule ule. Niliipanga upya mstari mmoja, nikasimama nyuma yake. Vipande vya wateja wangu bado nawafungia fundo, na kigauni cha kila mdoli hutoka kwenye nguo yangu. Ukiniona mjini utanijua: magauni yangu yote ni mafupi, na sina mpango wa kuyarefusha.