Mistari Sita

Mapema mwaka 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipotulia kidogo, nilikuwa nikitengeneza fomu za kompyuta katika ofisi ya misaada mjini Nakuru. Tuliandikisha familia zilizokimbia makwao na sasa zinalala kwenye mahema. Mkubwa wangu alitaka familia moja, karatasi moja. "Usiniletee vitabu," alisema. Nikafikiria nyumba niliyolelewa, karibu na reli: baba, mama na watoto wanne. Nikachora mistari sita. Karatasi ikatoka safi, kila kisanduku mahali pake, nikajisifu kimoyomoyo.

Wiki kadhaa baadaye, asubuhi, mama mmoja kutoka upande wa Mau Narok alikuja dirishani kwangu. Alikuwa amevaa kofia ya sufu na koti la mwanamume, na mkononi alishika kadi mbili, zile zinazochapwa kutoka kwenye fomu.

"Boss, ni wewe ulitengeneza hii fomu?"

"Ni mimi, mathe."

"Basi fomu yako imeninyang'anya watoto."

Nilizisoma kadi. Ya kwanza ilikuwa na jina lake na watoto watano. Ya pili ilikuwa na watoto watano wengine, na wa kwanza wao ameandikwa: mkuu wa familia, msichana, miaka kumi na miwili.

"Huyo ni wangu," akasema. "Hata kusuka nywele zake mwenyewe hajui. Mmempa boma aongoze."

Nikaenda kwa karani aliyemwandikisha. Alikuwa akichapa bila kuinua macho. Familia ikizidi watu sita, alinieleza, wanafungua fomu ya pili. Kompyuta haikubali fomu isiyo na mkuu wa familia, kwa hiyo wanaweka jina linalofuata.

"Nyote mnafanya hivyo?"

"Sasa tungefanya nini? Watu wamesimama kwa jua na mashine yako imekataa."

Kile kisanduku cha mkuu wa familia, kisichoruhusu kuachwa wazi, nilikiweka mwenyewe.

Siku hiyo watu walikuwa wakihamishwa, na orodha za malori zilikuwa zimetoka kwenye fomu zilezile. Kadi ya mama ilipangiwa kambi ya upande wa Lanet, ya binti yake kambi ya upande wa Njoro. Askari wa geti alisoma majina kwenye orodha tu. Hakusikiliza hadithi za mtu. Mkubwa wangu naye alikuwa amechoka kama sisi sote. "Malori yanaondoka saa nane," alisema. "Ukishindwa, wapande vile wameandikwa, tutarekebisha huko mbele." Nilijua vile mambo ya huko mbele hurekebishwa.

Nikaketi. Nilifuta mistari mitano nikaacha mmoja, nikaipa kompyuta amri kwamba kila jina jipya likiingizwa, mstari wake utokee chini. Nikaunganisha kadi mbili za yule mama, nikawaweka wote kwenye orodha ya Lanet, nikachapa. Majina yote kumi na moja yalitoka, lakini kisanduku cha kutia alama ya kidole gumba kilikuwa kimebaki palepale chini ya mstari wa sita, na jina la saba na la nane yalikuwa yamechapwa juu yake. Hakuna aliyeweza kuyasoma. Nilirudi tena, nikakifunga kisanduku kwenye mstari wa mwisho, popote utakapoishia, ili majina yakiongezeka kisukumwe chini. Macho yalikuwa yakiniwasha. Nikachapa mara ya tatu, na ya nne.

Saa saba na nusu nikampelekea yule mama karatasi. Alikuwa ameketi juu ya mzigo wake, watoto wote kumi wamemzunguka, sita wake na wanne wa marehemu dadake. Msichana wa miaka kumi na miwili alikuwa ameshika mkono wa koti lile na hakuuachilia hata nilipofika.

Mama aliwahesabu kwa kidole, jina kwa jina, hadi la mwisho. Kisha akageuza karatasi, akatazama nyuma, akairudisha.

"Na nafasi iko wapi?"

"Nafasi gani, mathe? Wote wako hapo."

"Baba yao hajafika. Kwa ile kadi ingine, ya msichana, kulibaki laini moja wazi. Nilikuwa nimemwekea."

Nilitazama kazi yangu. Chini ya jina la kumi na moja kilifuata kisanduku cha kidole gumba, kimebana, bila hata upana wa wembe. Ndivyo nilivyotaka. Kurudi kwenye kompyuta kusingesaidia: bila jina na umri wa mtu aliyepo, mstari haungetokea, na dereva alikuwa ameshawasha injini.

Nikatoa kalamu. Pembeni, palipobaki weupe, nikachora mstari kwa mkono, umepinda kidogo, nikaandika namba kumi na mbili.

"Hapo sawa," akasema, akaikunja karatasi akaiingiza ndani ya koti. Getini akaitoa, askari akawasoma hadi kumi na moja, akafika kwenye mstari wangu, akanitazama. Nikamwambia asome tu walioandikwa. Wakapanda wote lori la Lanet.

Nilirudi ndani. Mezani kulikuwa na rundo la kadi nyingine zilizogawanywa vilevile, za wakuu wa familia ambao hawajafika miaka kumi na minane, na lori la pili lilikuwa bado halijajaa.