Marietha Anautafuta Mto Uliozikwa Njinjo

Jua la Njinjo halijapata ukali. Marietha Optatus amepiga magoti ndani ya korongo, anakwangua ukuta wa udongo kwa panga hadi matabaka yaonekane: kijivu chini, hudhurungi katikati, kijivu tena juu. Anamwagia ukuta maji kidogo ya chupa ili rangi zikolee.

Abilahi Hasani, mzee wa jirani anayemsaidia kuchimba, ameegemea sururu yake.

“Maji hatuna, na hayo machache unaunywesha udongo,” anasema.

“Nataka udongo useme, baba mdogo.”

“Mwaka jana ulisema. Ukatudanganya.”

Marietha anacheka, kisha anaendelea kukwangua.

Mwaka jana, kisima alichokielekeza mjiolojia huyu mwenye umri wa miaka thelathini na sita kilichimbwa hadi mita sitini. Kilitoa vumbi. Tangu siku hiyo vijana wa kijiji humwita Bibi Vumbi, naye huitika.

Kosa lake halifichi. Aliona udongo wa kijivu pande mbili za bonde, akauhesabu kuwa tabaka moja kwa sababu ulifanana. Haukuwa mmoja.

“Matope ya bahari hufanana hata yakiachana umri mrefu mno,” anasema. “Nilipaswa kufuata mipaka iliyo kati ya matabaka. Mimi nikafuata rangi.”

Elimu ya mfuatano wa matabaka, kama anavyoifafanua, ni kusoma safari za bahari. Ilipopanda na kuifunika nchi hii, ilitandaza matope laini. Iliposhuka, mito iliyakata matope hayo ikachonga mabonde. Ilipoanza kupanda tena, mabonde yakajaa mchanga na kokoto, kisha matope mapya yakafunika yote. Mchanga uliofungiwa humo huweza kutunza maji matamu. Alama yake ni mkato: mahali ambapo kokoto zimelala juu ya udongo uliomegwa.

Mkato huo ndio anaoutafuta, tena katika likizo yake, bila kulipwa na mtu.

Anautafuta kwa ajili ya mama yake, Genoveva. Chemchemi iliyo karibu zaidi iko umbali wa kilomita nne, na njia yake ni ya mlima. Miaka mitatu iliyopita magoti ya Genoveva yaligoma. Akafunga nyumba, akahamia Mitwero kwa binti yake mwingine, Helena, ambako bomba liko uani.

“Kule hajakosa kitu,” anasema Marietha. “Lakini kila nikimpigia ananiuliza ufuta wa majirani umefikia wapi, nani amejifungua, nani anaumwa. Halafu ananyamaza. Kule kunyamaza kwake ndiko kunakonirudisha huku.”

Adhuhuri, penye kona ya korongo, sururu ya Abilahi inagonga kitu kigumu. Marietha anasogea, anafukua kwa vidole. Kokoto za mviringo, zilizolainishwa na maji, zimepangana juu ya udongo wa kijivu uliokatwa mshazari. Anavuka upande wa pili, anakwangua tena. Mkato uleule upo, ila umeshuka chini zaidi.

“Mto ulipita hapa,” anasema taratibu.

“Na maji yamo?”

“Sijui. Mto ulikuwepo, hilo ninalijua.”

“Afadhali leo umekubali kwamba hujui,” anasema Abilahi, na kuichukua tena sururu.

Kamati ya kijiji imekubali kuchimba kisima kimoja zaidi baada ya mavuno ya ufuta. Kikikosa maji, hakutakuwa na kingine. Kwa hiyo Marietha anakusudia kuchimba mashimo mafupi kuufuata mkato huo, moja baada ya jingine, hadi afahamu bonde la kale lilikuwa na kina kikubwa upande gani. Hapo ndipo atakapoonyesha mahali.

Anapanda ukingoni kutafuta mtandao, anapiga simu Mitwero.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umeyaona maji?”

“Bado. Nimeona mahali mto ulipopita zamani.”



“Basi usije kunichukua bado,” anasema Genoveva. “Sitaki kurudi nikawa mtu wa kuchotewa.”

Marietha anaitikia. Anadhani mazungumzo yamekwisha, anataka kuaga.

“Lakini mwambie Abilahi apande juu ya paa la nyumba yangu,” mama anaongeza. “Upande wa jikoni palikuwa panavuja.”