Kofia ya Mchanga wa Bwejuu

Kofia ya kwanza niliyoibuni mwenyewe niliichukua kwa kaa. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa nimeshawekwa ndani, kama wasichana wote wa mtaani kwetu waliovunja ungo. Nilichokikosa kuliko vyote ni ufuo wa Bwejuu, tulikozoea kwenda kumtazama bibi. Maji yakipwa, kaa wadogo huchimba mashimo yao na kuutoa mchanga kwa vidonge, wakavitawanya kwa mistari kila upande wa shimo. Nilikuwa nikichuchumaa kutazama mpaka niitwe mara tatu.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenifundisha kushona kofia za viua. Unachora kitambaa cheupe cha bafta kwa penseli, unatoboa, kisha unazungushia uzi kila kitobo. Alikuwa na maua yake aliyoyakuta kwa mama yake, na hakutaka mengine. Mimi nilitaka shimo la kaa: kitobo kikubwa katikati, na pembeni vifundo vya uzi vilivyoinuka, ukipitisha kidole uvihisi. Nilijaribu kwanza kwenye kipande cha mfuko wa unga. Vifundo vikatoka vikubwa kama mbegu za papai. Nikapunguza uzi, vikafumuka nilipovifua. Mara ya tatu nilizungusha uzi mara mbili tu kwenye sindano, vikashika. Nilifurahi hadi nikajichoma kidole.

"Unataka kumvisha ndugu yangu kaa kichwani, aende nao msikitini?" shangazi akauliza.

"Si kaa, shangazi. Mchanga wao tu."

"Haya. Akiivaa, nshanyamaza. Asipoivaa, unarudi kwenye maua yangu, na habari za Bwejuu sitaki kuzisikia tena."

Basi nikampima baba kwa uzi akiwa amelala mchana, nikashona muda wote wa Ramadhani. Lakini nilisahau jambo ambalo kila mshona kofia analijua: kichwa hupimwa siku ya kunyolewa. Baba alikuwa akinyoa upara kila Alhamisi tangu ujana wake, ila siku zile kinyozi wake alikuwa ameshakaa Pemba mwezi mzima, na nywele zilikuwa zimemjaa. Kinyozi akarudi siku moja kabla ya Idi, akamnyoa. Baba alipoijaribu kofia, ikamshuka hadi masikioni. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Kuipunguza hakukuwezekana, mkasi ungepita katikati ya mashimo yangu.

Baba akaivua, akavipapasa vifundo kwa dole gumba.

"Nini hivi?"

"Mchanga wa Bwejuu, baba. Kaa wanavyoutoa."

Baba akaikunja. Aliitia sandukuni, na asubuhi ya Idi akavaa ile ya zamani. Nililia, nikaosha uso, nikarudi kushona maua ya shangazi. Nayo hayakuwa mabaya, ila moyo wangu haukuwemo.

Alhamisi iliyofuata kinyozi alikuja barazani kwetu kama kawaida. Mimi na shangazi tulikuwa tumekaa dirishani juu, tunashona.

"Leo nipunguzie pembeni tu," tukamsikia baba. "Za juu ziache."

"Khee! Bwana, miaka yote hii?"

"Nna kofia yangu ndani," baba akasema. "Inataka nywele."

Shangazi akaukata uzi wa sindano yangu, akanipa bafta mpya ambayo hajaichora maua yake.