Asubuhi Niliyompeleka Mama Mkwe Hospitali

Kwa muda mrefu nimekuwa na desturi ya kutafuta, kila mwezi, jambo moja nisilowahi kulifanya. Niliwahi kuingia mahakamani Jinja kusikiliza kesi za watu nisiowajua. Nilikula kumbikumbi wabichi. Niliimba kwaya kanisani ingawa sisali. Marafiki walinicheka, nikawajibu kwamba siku zinazofanana hupotea zote kwa pamoja. Bado naamini hivyo. Ila sikuwa nimejiuliza kwa nini mambo yote niliyoyafanya kwa mara ya kwanza yalikuwa mepesi.

Nilikuwa Mbale kwa kazi ya wiki moja mke wangu aliponipigia simu kutoka Jinja. Mama yake, anayeishi Busiu, alitakiwa hospitalini Mbale kesho yake asubuhi kupimwa sukari, na shemeji yangu aliyepaswa kumsindikiza alikuwa na mtihani. Nimpeleke mimi, kwa gari langu.

Kwao, kama kwetu Busoga, mama mkwe na mume wa bintiye hawatazamani, hawasemezani, hawapeani mkono, hawakai karibu. Kwa miaka minne ya ndoa nilijua mgongo wake tu. Chuoni niliandika insha ndefu kuzibeza mila hizo. Asubuhi ile usukani ulilowa jasho la viganja vyangu.

Alikaa kiti cha nyuma, shuka kichwani. Nilikigeuza kioo cha ndani nisimwone. Gari lilirukaruka kwenye mashimo, kisha nikasikia Kiswahili cha kambini, maana marehemu mumewe alikuwa askari jela.

“Wewe gari, mwambie anayekuendesha mimi si gunia la mahindi.”

Nilimeza kicheko. “Gari, mwambie mama naomba radhi.”

“Gari, mwambie radhi haizibi mashimo.”

Baada ya hapo gari halikuambiwa kitu tena. Nilisubiri. Niliingia shimo moja makusudi ili anikemee. Kimya. Amelala? Nikigeuka, si nitakuwa nimemvunjia heshima? Na nisipogeuka? Mimi, mtu wa maswali, niliendelea kuendesha, nikiogopa kugeuza shingo yangu mwenyewe.

Mwishowe nilisimama, nikageuka. Shuka lilikuwa limeanguka. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, midomo inatetemeka, macho hayanioni. Aliambiwa aende bila kula. Bila shaka alimeza dawa zake za kisukari kama kawaida, na sukari ikamshuka. Nilikimbilia kibanda ng'ambo ya barabara, nikarudi na soda, nikaingia nyuma na kukiegemeza kichwa chake begani mwangu.

“Mama, kunywa.”

Ilimwagika kifuani.

“Mama, nakuomba.”

Kumbikumbi na kwaya vilikuwa vimenifundisha nini cha kunisaidia hapa? Nikaipeleka tena chupa midomoni mwake. Alimeza. Baada ya muda akameza tena.

Macho yake yaliporudi, yalitua usoni pangu, na hayakuondoka.

“Kumbe una kovu,” alisema polepole. “Miaka minne.”

“Nilianguka na baiskeli, mama. Nilikuwa mdogo.”

“Baiskeli ya nani?”

“Ya jirani. Niliichukua bila kuomba.”

“Binti yangu anajua?”

“Hajui.”

Alivuta pumzi. “Basi binti yangu nimempa mwizi.” Kisha akaninyang'anya chupa, akainywa mwenyewe mpaka mwisho.