Ng'ombe Waliopotea kwa Sinema ya Bure

Jumapili moja baada ya ibada, nikiwa nyumbani kwangu Utemini, nilitaka kuangalia sinema bila kuilipia. Nina shahada mbili, na hakuna hata moja iliyonizuia. Nilipata tovuti, nikabonyeza kitufe cha kuanzisha, ukafunguka ukurasa wa kamari. Nikaufunga, nikabonyeza tena. Safari hii niliambiwa nipakue programu maalumu ya kuonyeshea video, na kwanza nizime kinga ya virusi. Mimi ni mtu wa kufuata maelekezo. Niliizima.

Sinema haikuanza. Kufika saa kumi, mafaili yote ya kompyuta yangu yalikuwa yamebadilika majina na hayafunguki, na kwenye kioo kulikuwa na barua ya kudai malipo, iliyoandikwa vizuri kuliko insha zangu.

Kesho yake fundi wa kompyuta, mama wa rika langu, aliniuliza taratibu ni nani aliyenishauri nizime kinga. Nikamwambia ni wenye tovuti.

"Kaka," alisema, "mwizi amekuomba umfungie mbwa, na wewe ukamfunga."

Hakuna alichoweza kuokoa.

Insha sikuzililia, baadhi zilistahili. Kilichoniuma ni rekodi ya sauti ya shangazi yangu wa kijijini Mtinko. Mwaka uliotangulia, akichambua mbegu za alizeti, alinitajia kwa Kinyaturu ng'ombe wote wa zizi la baba yake, mmoja mmoja: jina, rangi, na alikuja kwa mahari ya nani. Hakuna mwingine aliye hai anayewajua. Nilikusudia kuweka nakala kwenye flashi, lakini flashi ilikuwa imejaa sinema.

Nikaenda Mtinko kukiri. Baada ya shikamoo nilizunguka sana na maneno, mpaka shangazi akanikatisha, akataka kujua hiyo sinema ilihusu nini.

"Sikuiona, shangazi."

"Hata mwanzo?"

"Hata mwanzo."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa khanga. Kisha akavuta kigoda, akasema niwashe simu tuanze upya.

Alianza vizuri, akiwapanga kama walivyokuwa wakitoka zizini asubuhi. Alipofika kwa yule aliyeletwa dada yake mkubwa alipoolewa, akasimama. Mwekundu, alisema, pembe moja imeinama. Jina halikuja. Kwa mawazo akarudi mlangoni mwa zizi, akawatoa tena wote kwa mpangilio, akakwama palepale.

"Mwaka jana nilikutajia," alisema. "Ulikuwa umekaa hapo hapo. Anaitwa nani?"

Nilikuwa nimekaa hapo, ni kweli. Lakini siku ile macho yangu yalikuwa kwenye ile taa ndogo nyekundu ya kinasa sauti, nikihakikisha mashine inarekodi. Nikamwambia sikumbuki. Akaokota ungo wake wa alizeti, akaendelea na ng'ombe aliyefuata.

Rekodi hiyo ninayo, nakala tatu, sehemu tatu tofauti. Katikati yake kuna kimya kirefu, na kuku mmoja anasikika kwa mbali.