Mkanda Mweusi wa Kupimia Pumzi

Kitambaa kilikuja kimefungwa kwa gazeti kuukuu, nami kabla ya kukigusa nilimwuliza aliyekileta kimetoka wapi. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya machimbo ya mawe, upande wa Kakontwe. Mtu wa asili ya Kasai, mkoa wa mbali, ila mzaliwa wa Likasi kama mimi. Akasema kimetoka Ulaya, alikosomea. Upande mmoja kilikuwa kitambaa cha kawaida cha kuvutika. Upande wa pili kilipakwa mpira mweusi uliochanganywa na kaboni, laini kama masizi.

"Mama, hii mupira inapitishaka courant, umeme," alinieleza. "Ukiivuta, courant inapita kwa taabu. Sasa muntu akivuta pumuzi, kifua inapanuka, mukanda inavutika, na sindano ya kipimo inatembea. Njo tunajua mapafu yake iko namna gani."

Alitaka mikanda minne, na sindano ya cherehani isitoboe ule weusi. Barabara yetu nzima, cherehani yangu peke yake ndiyo ilikuwa bado inafanya kazi.

"Na majina ya benye unapima, unayapelekaka wapi?" nikamwuliza.

Alicheka. "Kwa docteur, siku atarudia."

Daktari alikuwa ameondoka miezi mingi, na hakuna aliyemtazamia tena. Jibu lile halikunikaa vizuri. Nilishona, lakini kila nilipokata kipande nilikuwa najiuliza ni kifua cha nani kitakachofungwa humo.

Miaka ile watu walikuwa wanaachishwa kazi na kurudishwa nyumbani kwa makundi, na hakuna aliyejua wanachaguliwaje. Mume wangu alikuwa kwenye mashine ya kusaga mawe, na alikuwa anakohoa. Asubuhi moja kwenye bomba la maji wanawake walikuwa wanazungumza habari hiyo, nami nikasema: mikanda ninaijua, nimeishona mwenyewe, yule muuguzi anatafuta wenye vifua vibovu ili awape wakubwa majina yao. Nilisema kama mtu aliyeona. Sikuwa nimeona kitu. Lakini siku zile lolote baya juu ya watu wa Kasai lilikuwa linaaminika haraka, na mimi nililiamini kabla halijamaliza kutoka mdomoni mwangu.

Mume wangu aliniambia, "Minye siwezi kwenda kule kupimwa."

Nikatulia. Hadi siku nilipofua shati lake nikaona, kwa ndani, mstari mweusi kifuani, upana wa vidole vitatu. Weusi ule niliujua. Ulikuwa umekaa kwenye kucha zangu wiki nzima.

Nilingoja amalize kula bukari, ugali wetu, nikaweka shati mbele yake.

"Uliendaka kule."

Alilitazama. "Mara tatu."

"Juu ya nini ulinidanganya?"

"Juu weye njo ulianza kusema ile mambo. Ningekuambia namna gani?"

Akanieleza kwamba sindano haikutembea sana kwake, na muuguzi alimwambia aombe kazi mbali na vumbi. Jina lake halikuandikwa. Sikumwamini. Niliwaza labda wamepatana, labda mume wangu mwenyewe ndiye anayepeleka majina ya wenzake. Kesho yake nikaenda zahanati kujionea.

Benchi la nje lilikuwa tupu. Muuguzi alinifunga mkanda juu ya blauzi, akaunganisha nyaya mbili. Nikavuta pumzi, sindano ikapanda; nikaitoa, ikashuka. Nikaizuia, ikasimama pale pale. Halafu akanifungulia daftari bila mimi kumwomba. Kulikuwa na namba tu.

"Kila muntu anajua namba yake mwenyewe," alisema. "Bamekwisha kuacha kuja. Nani alisemaka habari ya majina, Mama?"

"Bantu tu," nikajibu, kana kwamba mimi si mmoja wa watu hao.

Alinitazama kidogo, akaanza kuukunja mkanda. Nadhani alijua ni mimi.

Nilirudi bombani nikasema nimeona daftari, halina majina. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya kusikika na wote: "Amekupatia nini?" Wakacheka. Nikajitwika ndoo yangu, nikaondoka.

Haikupita muda mrefu, familia za asili ya Kasai, kama ya muuguzi, zikafukuzwa majumbani, eti si wenyeji. Zilikaa kwenye stesheni na magodoro na sufuria, zikingoja treni ya kwenda Kasai. Nilipika bukari na sombe, majani ya muhogo, nikaenda kumtafuta muuguzi. Nilimkuta mke wake na watoto. Mwenyewe alikuwa ameenda kutafuta maji.

"Weye njo mushonaji?" mke wake aliniuliza.

"Njo minye."

Alipokea sahani, akaiweka chini kando yake. Mtoto mdogo akanyoosha mkono, mama akaushika. Aliuzuia mpaka nilipoondoka. Nilipogeuka nikiwa mbali, chakula kilikuwa bado pale, na yeye alikuwa bado ananitazama.

Muuguzi sikumwona tena. Mikanda na daftari viliondoka naye, lakini watu waliendelea kuachishwa kazi vile vile, wenye vifua vizima kwa vibovu, na hakuna aliyeuliza tena wanachaguliwaje. Mume wangu aliomba kazi ya mlangoni, akaipata, kikohozi kikapungua. Kwa muda mrefu, kila aliporudi nyumbani, alikuwa ananiambia mambo machache tu, na mimi nilijua sababu.